Mahameli ya Kuvutika: Ijue Kabla Fundi Hajashika Mkasi

Msimu wa harusi ukianza, wateja wangu wengi huingia kibandani wakiwa wamekumbatia mfuko wenye kitambaa kile kile: laini kama shavu la mtoto, chenye maua makubwa au madoadoa ya chui, kinachong'aa ukikigeuza huku na kuzima ukikigeuza kule. Madukani Mtaa wa Biashara hukiita velveti. Mama zetu walikiita mahameli, na mimi nitaendelea kukiita hivyo, maana neno tunalo na ni la siku nyingi. Limetufikia kutoka Kiarabu, ambako khaml ni yale manyoya mafupi yaliyosimama juu ya kitambaa, na Wahindi nao husema makhmal.

Kinapendeza, hilo halina ubishi. Lakini sijui kitambaa kingine kinachogombanisha fundi na mteja kuliko hiki. Mara nguo imetoka rangi mbili, mara pasi imeacha alama ya kung'aa kiunoni, mara maua yamekaa kichwa chini, mara gauni limeshuka upande mmoja kabla bi harusi hajatoka nje. Nimeshona mahameli kwa miaka mingi, na nimeiharibu pia. Nikiangalia nyuma naona makosa mengi hayakutokea kwenye cherehani. Yalitokea dukani wakati wa kununua, au mezani wakati wa kukata. Kwa hivyo nitaeleza niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Kwanza tujue tunashika nini. Mahameli ya asili ilikuwa ya hariri, na ilifumwa kwa namna ya pekee. Njia moja ni kufuma vitambaa viwili kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, huku nyuzi za katikati zikiviunganisha. Kisha kisu hupita katikati na kuvitenganisha, na zile nyuzi zilizokatwa hubaki zimesimama kama nyasi zilizofyekwa. Hayo ndiyo manyoya. Kazi hiyo ilikula hariri nyingi na muda mwingi, ndiyo maana katika karne ya 15 miji ya Italia kama Venice, Genoa na Florence ilisifika kwa mahameli yake, na waliovaa walikuwa wafalme, makasisi wakubwa na matajiri.

Ile tunayoletewa leo ni mjukuu wa mbali. Haikufumwa kwa nyuzi za kupishana. Imeunganishwa kwa vitanzi, kama fulana, na ndiyo sababu inavutika. Uzi wake ni poliesta, ambayo ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, Whinfield na Dickson. Ndani yake mna spandeksi kidogo, uzi unaovutika na kurudi kama lastiki, uliobuniwa Marekani mwaka 1958 na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Wengi wanaujua kwa jina la Lycra. Kwa kawaida poliesta huwa sehemu 90 hadi 95 katika 100, na spandeksi ndiyo iliyobaki. Hariri hamna hata uzi mmoja. Muuzaji akikuapia kuwa ni hariri, mwombe kipande kidogo cha pembeni, nenda nacho mahali salama, ukishike kwa koleo ukichome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu kama shanga. Usiliguse tone hilo likiwa moto, na ulikumbuke, maana nitalirudia huko mbele.

Sasa hayo maua. Mengi hayakuchorwa moja kwa moja juu ya kitambaa. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi kwa wino maalumu, kisha karatasi na kitambaa hupitishwa pamoja kwenye roli la moto, joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Wino hugeuka mvuke, ukaingia ndani ya poliesta na kubaki humo. Uzuri wake ni kwamba ua halibanduki na halifanyi ukoko. Ukipapasa huhisi mpaka wa rangi. Ubaya wake ni kwamba rangi hukaa zaidi kwenye ncha za manyoya, na chini yake kitambaa mara nyingi ni cheupe. Nguo ikibana mwili, manyoya hutawanyika na ule weupe huchungulia. Nimeona gauni jeusi lenye waridi jekundu likigeuka kijivu kifuani na mapajani kwa kuwa mwenyewe alitaka libane. Hapakuwa na dawa ila kulifungua kwenye mishono, na ziada ya mshono haikutosha.

Kwa hivyo ukiwa dukani usitosheke na kutazama jora likiwa limesimama ukutani. Omba lifunguliwe mezani. Shika kitambaa kwa mikono miwili, kivute upana kadiri nguo itakavyovutwa mwilini, ukitazame kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa za duka. Weupe ukichungulia hapo, utachungulia na ukumbini. Kisha toa kitambaa cheupe cha mkononi, kiloweshe kidogo, usugue mahali penye rangi nzito, hasa nyeusi, damu ya mzee na buluu ya usiku. Rangi ikihamia kwenye leso yako, itahamia pia kwenye bitana na kwapani. Muuzaji akinuna, mwache anune. Pesa ni zako.

Kipo na kipimo cha kuvutika, nacho ni rahisi. Kunja kitambaa, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, kisha vuta bila kukilazimisha. Ikifika sentimita 15, kinavutika kwa nusu ya urefu wake, na hicho kinafaa nguo ya kukaa mwilini. Ikifika 12 tu, mwambie fundi akikate kama kitambaa cha kawaida, na zipu itiwe. Pima upana, kisha pima na urefu, maana nyingine huvutika upande mmoja tu. Halafu kiachie utazame kama kinarudi. Kisichorudi dukani kitafanya mabonge magotini na kwenye viwiko baada ya kuvaliwa mara mbili.

Tahadhari moja ya hesabu kabla hatujatoka dukani. Wazee wetu bado huhesabu kwa wari, na mafundi wengine wakubwa pia. Duka hupima kwa mita. Wari ni pungufu ya mita kwa karibu sentimita 9. Ukiagizwa mita nne ukanunua wari nne, umepungukiwa na sentimita 34 hivi, na hiyo ni mikono ya gauni.

Nije kwenye manyoya, maana hapa ndipo nilipoadhirika.

Manyoya ya mahameli hayasimami wima kabisa. Yamelala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: ikiwa laini na inateleza, unakwenda nayo, ikikwaruza kidogo na kuacha njia nyeusi, unakwenda kinyume. Ukitazama kitambaa manyoya yakiwa yamelala kwenda chini, rangi huwa nyepesi na yenye kung'aa. Yakielekea juu, rangi huwa nzito na ya kina, kwa sababu jicho linatazama ndani ya manyoya badala ya mgongoni mwake. Ni kitambaa kimoja, lakini rangi ni mbili.

Miaka ya mwanzo nilipewa kazi ya sare za dada wanne wa bi harusi. Kitambaa kilikuwa kijani cha zumaradi chenye majani ya dhahabu, na walikuwa wamekileta kidogo. Nikaona nifanye ujanja tunaoufanya kwenye pamba na satini: kipande cha mbele nikakilaza kichwa juu, cha nyuma kichwa chini, vikaingiana kama meno, kitambaa kikatosha. Majani yale hayakuwa na juu wala chini, kwa hivyo sikuona tatizo. Mchana kibandani zilipendeza. Usiku ukumbini, chini ya taa, kila msichana alikuwa na mbele ya kijani kibichi na nyuma inayokaribia weusi, na mshono wa ubavuni ulionekana kama mpaka wa nchi mbili. Shangazi yao alinijia siku ya pili, hakupaza hata sauti. Alisema, "Mwanangu, mbona umewavisha wanangu vitambaa viwili?" Nilirudisha ujira wote. Kitambaa sikuweza kukirudisha, wala picha za harusi.

Hesabu ya jambo hilo ni vizuri mteja aielewe, maana ndiyo inayomfanya afikiri fundi anamwibia. Chukua gauni lenye vipande viwili, mbele na nyuma, kila kimoja upana wa sentimita 50 juu na 100 chini, urefu mita moja na nusu. Vitambaa hivi kwa kawaida vina upana wa sentimita 150. Ukiruhusiwa kugeuza kipande kimoja kichwa chini, 50 ya hiki hukaa kando ya 100 ya kile, na vyote viwili huingia ndani ya mita moja na nusu. Kwenye mahameli huruhusiwi. Vipande lazima viangalie upande mmoja, kwa hivyo unahitaji mita tatu kwa gauni lile lile, na mikono bado. Mabaki ya pembeni yatakuwa mengi na hayakwepeki. Fundi akikuambia uongeze, muulize kwa nini, akueleze kwa chaki juu ya meza. Anayejua kazi yake ataeleza kwa dakika mbili.

Je, manyoya yaelekee wapi? Mimi kwa nguo ya usiku hupenda yaelekee juu, rangi itoke nzito. Kwa nguo ya kukalia na kuvaliwa mara kwa mara nayaelekeza chini, yadumu na yasikusanye vumbi. Lakini kwenye mahameli ya maua, ua ndilo mwenye amri. Likiwa na shina na kichwa, haliwezi kukaa kichwa chini kwa sababu ya manyoya. Hapo unafuata ua, manyoya yaende yanakokwenda, mradi vipande vyote vifanane. Na ua likiwa kubwa, amueni mapema litue wapi. Waridi la upana wa sahani likitua katikati ya tumbo, au mawili yakatua pale pasipofaa kifuani, hakuna mapambo yatakayoficha. Kwa hivyo mimi husimika kitambaa begani kwa mteja mbele ya kioo kabla sijachora. Wengine huona haya, lakini baadaye hushukuru.

Kwa mafundi wenzangu, hasa vijana wanaoanza, nitasema machache ya cherehani. Sindano ya kawaida hutoboa na kukata vitanzi, na huruka mishono. Ukiona mshono umeruka ruka usilaumu cherehani kwanza. Tia sindano ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 11 au 14 kulingana na uzito. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba hukatika mwenye nguo akiinama. Mshono wa moja kwa moja nao hukatika. Tumia zigizaga nyembamba, upana wa milimita moja hivi, au ovaloki kama unayo.

Tatizo kubwa ni kutambaa. Ukiweka mahameli juu ya mahameli, manyoya kwa manyoya, cha juu hutembea na kukiacha cha chini, na mwisho wa mshono unakuta kimoja kimezidi kwa vidole viwili. Pini peke yake hazitoshi, na zikikaa muda huacha alama. Piga bandi kwa mkono, mistari miwili ukitaka, kisha legeza mguu wa cherehani usikandamize, na ushone ukifuata manyoya. Najua kupiga bandi ni kazi ya kuchosha na wengi wameiacha. Kwenye kitambaa hiki siiachi. Mabegani tia utepe usiovutika, vinginevyo uzito wa gauni utayashusha. Na kabla ya kupinda chini, litundike usiku kucha. Kitakachoshuka kishuke kwanza, ndipo ukate pindo.

Bitana ni mahali ambapo mteja hutaka kuokoa pesa akajiumiza. Ukitia bitana isiyovutika ndani ya kitambaa kinachovutika, bitana ndiyo itakayopasuka, au itaamua wewe gauni lako libane wapi. Tia inayovutika, au kata gauni liwe pana na usahau kuvutika kwake. Mimi kwa kina mama wanaotaka stara nachagua hilo la pili. Mahameli hii ina tabia ya kushika mwili hata usipokusudia, na mama aliyekuja kutaka vazi la heshima hafurahi akijiona kwenye kioo amechorwa umbo lote.

Na joto letu je? Poliesta hainyonyi jasho. Hulizuia kati yake na ngozi, na manyoya yanaongeza blanketi juu. Wakati wa kusi, usiku, kwenye upepo, gauni zima la mahameli linavalika. Kaskazi ikishika, Januari hadi Machi, kwenye ukumbi uliojaa watu na feni mbili, ni adhabu. Idi nayo hurudi nyuma kila mwaka kwa siku kama 11, kwa hivyo nguo uliyoivaa vizuri mwaka huu inaweza kukutia jasho miaka michache ijayo. Ushauri ninaoutoa mara nyingi ni kuchanganya: mwili wa pamba au kitambaa kingine chepesi, na mahameli mikononi, kolani na kwenye pindo. Inatumia kitambaa kidogo, inapendeza zaidi machoni mwangu, na mwenyewe anakaa hadi biriani inapopakuliwa.

Pasi nisiisahau, maana ndiyo muuaji mkubwa. Pasi ya moto ikigusa uso wa mahameli, manyoya hulala na kuyeyuka kidogo, ikabaki alama ya kung'aa yenye umbo la pasi. Haitoki, na usipoteze wakati na siki wala mvuke. Geuza nguo ndani nje, tandika taulo nene au kipande kingine cha mahameli manyoya yakitazama juu, weka pasi kwenye joto la chini, na upulize mvuke bila kukandamiza. Mikunjo midogo hutoka ukitundika nguo bafuni kwenye mvuke wa maji moto, kisha ukipitisha brashi laini kufuata manyoya.

Wengine hawaileti kwa nguo, huileta kwa nyumba. Kwa foronya na takia ni nzuri mno: inavutika, inakaa imetuna bila mikunjo, na haihitaji hesabu kali. Nyuma ya takia tia kitambaa kigumu kisichovutika ili isipoteze umbo. Kwa sehemu ya kukalia ya kochi siishauri. Nyumba yenye watoto, manyoya ya katikati hulala ndani ya miezi michache na kochi hubaki na kiraka cha kung'aa mahali ambapo baba hukaa kila siku. Huko nunua mahameli nzito ya makochi, iliyofumwa, isiyovutika. Kwa pazia pia nasema hapana kwa hii ya kuvutika. Pazia linajivuta kwa uzito wake lenyewe, siku hadi siku, hadi upande mmoja unafagia sakafu na mwingine umebaki juu. Jua la dirishani nalo huchosha rangi na kulegeza spandeksi. Ukitaka pazia la mahameli, pitia mitumba ya Kongowea kwa subira; mara nyingine hutokea mapazia ya zamani, mazito, ya pamba, ambayo ukiyafua na kuyapunguza yanashinda mapya.

Wapambaji wa kumbi wanaipenda kwa sababu ya kweli: huivuta kwenye fremu nyuma ya kiti cha bi harusi ikawa kama ukuta, bila mkunjo hata mmoja. Hapo sina neno, ila moja, na ndilo lile tone nililoomba ulikumbuke. Kitambaa hiki kikishika moto hakiungui kikawa majivu tu. Huyeyuka na kudondoka, na tone hilo hushika kwenye ngozi likiendelea kuunguza. Mishumaa, taa zinazopata moto na fataki ndogo za keki zikae mbali na ukuta huo. Mama asiingie jikoni kwenye jiko la makaa au gesi na mikono mipana ya mahameli. Nguo za watoto za kulalia nisingeshona kwa kitambaa hiki hata nikilipwa mara mbili. Na ikitokea, usiibandue nguo iliyoshikana na ngozi. Mwagia maji baridi, endelea kumwagia kwa dakika 20, na umkimbize mgonjwa hospitali.

Kwetu kuna moto mwingine ambao vitabu vya ushonaji vya kigeni haviutaji, nao ni chetezo. Tumezoea kufukiza nguo kwa udi kabla ya shughuli, nguo imetandazwa juu ya chetezo ili moshi uingie. Kwa pamba, cheche ikiruka huacha doa dogo. Kwa mahameli hii, cheche moja hutoboa tundu lenye ukingo mgumu mweusi, na kwa kuwa kitambaa ni cha vitanzi, tundu huvutika na kukua. Nimeletewa gauni jipya kabisa lenye matundu matatu siku ya shughuli yenyewe, nikayaziba kwa maua niliyoyakata kwenye mabaki. Fukiza, lakini nguo iwe imetundikwa juu zaidi, makaa yawe yametulia, na udi uwekwe kidogo kidogo. Manyoya hushika harufu vizuri kuliko kitambaa cha kawaida, kwa hivyo moshi kidogo unatosha. Marashi ya mafuta paka mwilini, usiyapake kwenye nguo. Doa la mafuta kwenye poliesta ni gumu kutoka.

Kufua: maji baridi, nguo imegeuzwa ndani nje, sabuni ya kawaida, usisugue wala usikamue. Dawa za klorini za kung'arisha nguo nyeupe zisikaribie, zinaua spandeksi. Anika kivulini ikiwa bado ndani nje, na usibane vibanio kwenye uso wake. Kuhifadhi, itundike kwenye hanga nene au izungushe kama jora; ukiikunja mara nne ukaiweka chini ya rundo la nguo, utaikuta na mistari ambayo mvuke utaitoa nusu. Poliesta yenyewe hainyonyi unyevu mwingi, lakini jasho na vumbi vilivyobaki kwenye manyoya vitaota ukungu kwenye kabati letu la pwani. Iweke safi na kavu.

Mabaki usimwachie fundi bila kuyaulizia. Ni yako, na kwa mahameli ya maua huwa mengi, kama hesabu ya hapo juu ilivyoonyesha. Mimi huyafunga kwenye kifurushi pamoja na nguo. Kipande cha kiganja kitakuja kuziba tundu la cheche, cha mkono mmoja hutoa kifuko cha simu au kofia ya mtoto. Na ukirudi kuongeza kitambaa baadaye, nenda nacho dukani, kwa sababu jora jipya la ua lile lile mara nyingi hutofautiana rangi na la kwanza, na hilo huwezi kulikumbuka kwa macho.